Ile S Isiyotamkwa

Mwezi uliopita nilipokuja shuleni kwenu, msichana mmoja wa darasa la sita, aliyekaa chini ya dirisha lisilo na kioo, aliinua mkono akaniuliza: "Kaka, kifaransa ya masomo na kifaransa ya kazi iko moja?"

Nilijibu: "Iko moja." Mkapiga makofi, nikapanda pikipiki nikarudi nyumbani. Kabla hatujafika mtoni nilishajua kwamba nimewadanganya. Tangu siku hiyo nimelitengeneza upya jibu langu mara nyingi mno, nikipalilia maharagi, nikiwa kanisani, hata nikinyolewa, mpaka kinyozi akaniuliza ninaongea na nani. Kwa hiyo ninawaandikia. Jibu lenyewe ni refu kidogo. Ndani yake mna gari, mna mama mjamzito, na mna herufi moja ya Kifaransa ambayo haitamkwi.

Kwanza mnifahamu. Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na sita. Chekeni, hakuna shida. Mke wangu hucheka pia, na mbele ya wageni huniita "mzee wa pensheni", ingawa pensheni yenyewe haipo. Nilipomaliza chuo, kwa miaka miwili hivi nilikuwa mkalimani wa timu ndogo ya matibabu iliyozunguka vijiji vya Masisi na Walikale. Kazi yangu ilikuwa kusimama katikati: Kifaransa kinaingia sikioni, Kiswahili au Kihunde kinatoka mdomoni. Watu wengine hustaafu mgongo unapochoka. Kwangu mimi lilichoka sikio.

Kifaransa nilikipenda kabla sijajua kina faida gani. Nyumbani tulikuwa na kamusi moja iliyokosa kurasa za mbele, kwa sababu muuza mandazi wa mtaani alikuwa amezitumia kufungia mandazi yake. Ilianzia kwenye herufi C. Niliisoma kama watu wanavyosoma hadithi, neno baada ya neno, hivyo nilijua kuandika "crépuscule", mwanga wa magharibi, kabla sijajua kuandika "bonjour". Nilipenda jinsi maneno yale yalivyobeba herufi nyingi kuliko sauti zake. Niliona kama ni utajiri: watu walioweza kuandika herufi tatu ambazo hakuna atakayezisema.

Mwalimu wetu wa Kifaransa, Mama Vumilia, alituandikisha imla kila Ijumaa. Alitembea kati ya madawati, chaki nyuma ya sikio, na akiona tumesahau herufi ya mwisho alisimama pale pale.

"Herufi isiyosema ni mugeni aliyenyamaza mu salon," alikuwa akituambia. "Hakusema kitu, lakini amekuya. Mukimusahau mu chakula, mutapata haya."

Hatukusahau mgeni hata mmoja. Lakini Mama Vumilia mwenyewe alikuwa amejifunza Kifaransa vitabuni, nasi tukajifunza kwake. Wekeni jambo hilo akilini.

Wiki yangu ya kwanza kazini tulikuwa tunatoka Goma, gari likasimamishwa karibu na Mubambiro. Mwanajeshi aliomba karatasi ya safari. Mimi, mwenye diploma ambayo bado ilikuwa inanukia wino, nilimpa karatasi pamoja na sentensi ndefu yenye subjonctif mbili, yale maumbo magumu ya vitenzi, nikaimalizia na yale maneno ya heshima ambayo watu huyaandika mwishoni mwa barua. Alinitazama. Akasogea karibu na dirisha.

"Weye, uko unanipima?"

"Non, mon commandant, loin de moi l'idée..." Yaani, wazo hilo liko mbali nami.

"Anaendelea!" akamwambia mwenzake. "Shuka."

Mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa lakini haukuweza kukifungua. Ndipo dereva wetu, Papa Kasereka, alipoinama mbele yangu akatoa kichwa nje. "Chef, mumusamehe. Ametoka mu masomo juzi. Haiyamutoka bado."

Mwanajeshi alicheka mpaka akajishika kofia. Tukapita.

Papa Kasereka alikuwa Mnande wa Butembo, mfanyabiashara aliyeendesha lori lake mwenyewe hadi lilipomfia, mwenye rozari kwenye kioo cha mbele na maneno yasiyozidi mia ya Kifaransa. Akiambiwa jambo na wageni, aliuliza. Akijibiwa, aliuliza tena. Kisha alilirudia kwa vidole. Nilimwonea aibu. Siku moja, labda aliona uso wangu, akaniambia: "Miye kifaransa yangu njo kidogo, njo maana nauliza mara tatu. Weye yako iko mingi, hauulize ata mara moja."

Nilidhani ni wivu.

Sasa twende Kalembe. Tulifungua kliniki ndani ya darasa la shule ya msingi, na akina mama walikuwa wamepanga mstari na watoto wenye kikohozi tangu asubuhi. Muuguzi wetu mkuu, Madame Odile, Mfaransa mwenye moyo mzuri na mdomo wa haraka, alitoa kichwa mlangoni akanirushia maneno: "Innocent, dis-leur qu'y a plus de sirop." Yaani, niwaambie kwamba sirop, dawa ya kikohozi, iko "plus". Akarudi ndani.

Hapa naomba mnisikilize polepole, maana ndipo penyewe. Neno "plus" lina maana mbili. Ukitamka S ya mwisho, ni "zaidi". Ukiinyamazisha, mara nyingi ni "hakuna tena". Kitabuni huwezi kukosea, kwa sababu "hakuna tena" huja na kijineno "ne" mbele yake, au "n'" likifupishwa. Mama Vumilia alitufundisha kukitafuta hicho kijineno kama mtu anavyotafuta funguo. Jambo ambalo hakutufundisha, kwa kuwa hakulijua, ni kwamba Wafaransa wenyewe wakizungumza hukimeza. Wote. Kila siku. Na sisi darasani "plus" tuliitamka bila S popote pale, iwe zaidi, iwe hakuna.

Basi nikasikia "y a plus de sirop", nikatafuta "ne", sikuiona. Nikapanda juu ya jiwe nikawaambia akina mama: "Musitoke! Dawa iko. Iko ingine mingi."

Wakakaa. Wakawatumia wenzao habari mlimani, na wenzao wakashuka. Mvua ikanyesha, wakakaa. Saa tisa Madame Odile akatoka na masanduku matupu, akafunga mlango, na mimi nikaelewa yote mara moja.

Wanaume walikuwa wameshasimama mbele ya gari. Mmoja alikuwa ameweka gogo chini ya gurudumu. Mama mmoja aliyembeba mtoto mgongoni alinisogelea mpaka nikahisi pumzi yake. "Wewe mutu wa masomo. Njo weye ulisema dawa iko. Munaiuzisha wapi?"

Nilitaka kusema kwamba kosa ni la Madame, kwamba alimeza neno. Lilikuwa kweli, nusu yake. Papa Kasereka alikuwa nyuma yangu, aliniambia chini kwa chini: "Sema ni weye. Sasa."

"Ni mimi," nikasema. "Hawakuuzisha. Madame alisema dawa imeisha, mimi nikasikia iko mingi. Ni sikio yangu. Munisamehe, bamama."

Yule mama akanitazama kutoka viatuni hadi kichwani.

"Hiyo kifaransa, ulisoma miaka ngapi?"

"Kumi na saba."

"Kumi na saba!" akawageukia wenzake. "Na bado hajui *imeisha*!"

Mtu akacheka, kisha mwingine, kisha mlima mzima. Aliyeweka gogo akaliondoa kwa mguu. Tulipita katikati ya kicheko kile, na mimi nilikuwa nalia. Watoto wao walirudi nyumbani na kikohozi kile kile. Hilo halichekeshi, na sijalisahau.

Baada ya hapo nilibadilika, pengine kupita kiasi. Nilianza kuuliza. Niliuliza hadi watu wakanichoka. Mke wangu akisema chumvi imeisha, nilimuuliza imeisha kabisa au imebaki kidogo. Nilibeba daftari na nilikuwa nikiandika kila sentensi kwanza, kisha naitafutia maana ya pili. Madame Odile alikuwa akiniambia: "Tu réfléchis trop", unafikiri kupita kiasi. Nami hata hilo nililiandika.

Miezi kadhaa baadaye tulikuwa Kashebere. Asubuhi tuliletewa kwenye kituo cha afya msichana aitwaye Furaha, mimba ya kwanza, mwenye uchungu tangu jana yake. Mumewe, Bahati, mkulima kijana, alikuwa ameshika kandambili zake mkononi, sijui kwa nini hakuzivaa. Madame Odile alimpima Furaha, akatoka nje, akavua glavu. Alisema neno moja, na lilikuwa ndani ya kamusi yangu, kurasa za mwanzo kabisa: "Césarienne." Upasuaji. Pale Kashebere hapakuwa na wa kuufanya.

Njia zilikuwa mbili. Ya kurudi upande wa Masisi ilikuwa fupi na nzuri kidogo, lakini jana yake tulikuwa tumesikia risasi mbali, upande wa daraja. Ya kwenda upande wa Walikale ilikuwa ndefu, ya matope, na kipande cha mwisho gari halipiti. Mtandao wa simu ulipatikana juu ya kilima tu, kwenye mikaratusi. Nilikuwa nimepanda alfajiri kuuliza ofisini Goma hali ya barabara, na jibu likaniingilia nikiwa naanza kushuka. Nililipeleka kwa Madame bila kulisoma vizuri. Simu yenye ujumbe ilikuwa mkononi mwake:

"Il y a plus de barrières après le pont."

"Plus de barrières!" akasema Madame Odile. Hakuna vizuizi tena baada ya daraja. "On part. Vite." Twende, haraka.

Papa Kasereka akaanza kutoa masanduku ndani ya gari kupata nafasi ya godoro. Nikaomba simu, nikasoma tena. Nikatafuta "n'", haikuwepo, kama Kalembe.

Fikirieni pamoja nami, kwa sababu nililazimika kufikiri haraka, jambo nisiloliweza kabisa. Simu ya ofisi ilitumiwa na watu wawili. Mmoja alikuwa Mfaransa, mwenzake Madame. Kama ni yeye aliyeandika, ameimeza "n'" kama wanavyoimeza, na maana ni: hakuna vizuizi. Mwingine alikuwa katibu, mtoto wa Kivu kama sisi, aliyelelewa na imla za Ijumaa. Huyo asingesahau "n'" hata akiamshwa usingizini. Kama ni yeye aliyeandika, maana ni: vizuizi vimezidi. Sentensi moja, herufi zile zile. Na kwenye maandishi, S haisikiki wala hainyamazi, imekaa tu.

"Madame," nikasema, "ça peut être le contraire." Inaweza kuwa kinyume chake.

"Innocent. Non. Pas maintenant." Si sasa.

"Nani ameandika?"

"J'en sais rien!" Hajui.

Bahati alitusikia. Akaja na kandambili zake. "Kaka, munabishana nini?"

"Tunabishana juu ya neno."

"Maneno ngapi?"

"Moja."

Alinitazama kama yule mama wa Kalembe, ila huyu hakuwa na kicheko chochote nyuma yake. "Bibi yangu iko nakufa, na munabishana neno moja?"

Ningemwambia nini? Kwamba kuna mgeni aliyenyamaza sebuleni na sijui kama amekuja au hakuja? Ndani, Furaha alikuwa ameanza kuita jina la mama yake.

Papa Kasereka aliweka chini sanduku. "Weye ulikuwa Kalembe, ao hapana?"

"Nilikuwa."

"Basi panda, uulize. Unangoja nani?"

Madame Odile alitazama kilima, akatazama mlango wa kituo. "Le temps de l'installer dans la voiture," akasema. Muda wa kumlaza garini. "Pas plus." Si zaidi.

Hata yeye alilisikia neno lililomtoka. Akageuka.

Nilipanda nikikimbia kati ya mashamba ya mihogo, mikono chini kama mbuzi, viatu vya ofisini vikiteleza. Akina mama waliokuwa wakichuma sombe, majani ya mihogo, walisimama kunitazama. Juu, kwenye mikaratusi, nilisimama nikaanza kuandika sentensi nzuri. Nikaifuta. Andika bila "plus", nikajiambia. Andika kama Papa Kasereka. Nikaandika: "Barrières: zéro ou beaucoup? Un seul mot." Sifuri au nyingi? Neno moja tu.

Ujumbe haukwenda. Nikainua simu juu. Haukwenda. Nikazunguka mti mzima na mkono hewani, na mara ya tatu ukaenda.

Chini niliwaona kama wadudu wadogo. Watu wanne walitoka na godoro. Bahati alipanda nyuma. Mlango mmoja ulifungwa, kisha wa pili, na sauti yake ilinifikia ikiwa imechelewa. Nilijiambia: kama jibu ni sifuri, nimemwibia Furaha dakika ambazo hakuna atakayemrudishia, na kila mtu atajua ni nani. Nikajiambia: kama jibu ni nyingi na halikufika, watakwenda. Nikajiambia: na kama atakayejibu ni mtu wa tatu? Mawazo yangu ni hivyo, wadogo zangu. Hata mlango ukiungua nitauliza ni moto wa aina gani.

Gari likatoa moshi. Likaanza kusogea, kuelekea darajani.

Simu ikatikisika mkononi. "Beaucoup."

Nilipiga kelele wasimame: "Arrêtez!" Upepo uliichukua. Nikaita: "Papa Kasereka!" Ikapotea pia. Ndipo nikalipiga lile neno lenyewe kama linavyotamkwa, silabi mbili, mdomo wazi: "Boku! Boku!"

Hilo lilishuka. Mama mmoja shambani aliligeukia bonde akalirudia, "Boku!", bila kujua ni la nini, kwa sababu mtu akiita namna hiyo kwetu milimani, aliye chini yake hulipokea na kulipeleka. Wa pili akalipokea. Wa tatu, aliyekuwa karibu na barabara, alilipiga akipunga kitenge chake: "Boku, weee! Bokuuu!"

Gari lilisimama. Nilimwona Papa Kasereka akitoa kichwa dirishani, akisikiliza. Wala hakuuliza mara tatu. Aligeuza gari palepale kwenye nyasi, na nikashuka ile njia kwa makalio zaidi kuliko kwa miguu.

Tulikwenda upande wa Walikale. Tulikwama mara mbili, tukasukuma wote, Madame pia. Barabara ilipokatika, wanaume wanane wa kijiji cha hapo walimweka Furaha kwenye tipoyi, kile kitanda chetu cha miti cha kubebea wagonjwa, wakaenda nacho mbio wakipokezana mabega. Mimi nilibeba chupa ya maji ya mshipani juu ya kichwa chake na sikusema neno la lugha yoyote. Jua lilikuwa bado halijazama tulipofika kwa daktari mwenye chumba cha upasuaji. Bahati alikaa chini ukutani. Hatimaye alivaa kandambili zake. Tulisikia mtoto kabla hatujaambiwa kitu, kisha mlango ukafunguliwa tukaambiwa mama pia yuko hai.

Kesho yake tulipata habari: baada ya daraja kulikuwa na vizuizi vitatu vya watu wenye bunduki, na gari jingine lililotutangulia lilikuwa bado limeshikwa huko. Ujumbe ulikuwa wa katibu. Hakusahau chochote; aliandika vizuri, kama tulivyofundishwa. Sisi tuliosoma ndio tungempoteza Furaha.

Tangu siku hiyo Madame Odile aliitamka "ne" kwa nguvu kila aliponiona, "il N'Y A plus de café, Innocent", hakuna kahawa tena, kama mtu anayemsemesha kiziwi. Tulicheka. Lakini sikumaliza mwaka. Kila nilipofungua mdomo kukalimani nilisikia lile gari likianza kusogea, na lugha niliyoipenda tangu kurasa za C ikawa kitu cha kuogopa. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikaihakiki mara kumi na moja. Mwaka wa kwanza sikugusa kitabu cha Kifaransa. Wa pili nilianza kuandikisha imla watoto wa jirani, Ijumaa. Mapenzi yamerudi polepole.

Kwa hiyo wewe uliyekaa chini ya dirisha, jibu langu la kweli ni hapana, si moja. Cha masomo herufi zote zinaonekana. Cha kazi baadhi humezwa, na anayemeza hajui amemeza. Kipende hivyo hivyo, lakini ukiwa katikati ya watu wawili, uliza, hata kama wewe ndiye mwenye diploma, na hasa ukiwa ndiye. Rudia kwa maneno mengine. Tumia vidole.

Mwaka huu nilipita Kashebere. Yule mtoto anatembea, ana meno, alinitupia kiazi. Nilimuuliza Bahati jina la mtoto, akalitaja, kisha akaleta karatasi ya kuzaliwa kutoka ndani ya Biblia ili nione kwamba hatanii. Jina alikuwa ameliandika mwenyewe, kwa herufi kubwa. Mkono wangu ulitaka kusahihisha. Mama Vumilia angekuwepo, angesimama hapo hapo, kwani herufi nne za wageni hazikuwepo mahali pake.

"Iko vile inaandikwa, kaka?" Bahati akaniuliza.

Niliisoma tena. B, O, K, U. Kila moja inasikika.

"Iko vile," nikamwambia.